Kilichokuwa Chini ya Gereza

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, ulipomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, na makao yake makuu yakawekwa Bariadi. Tangu hapo mji ule haujapumzika kujenga. Zimejengwa ofisi za mkoa, hospitali ya rufaa pale Nyaumata, nyumba za watumishi, na viwanja vya Nane Nane vya Nyakabindi ambako sherehe za kitaifa zilifanyika miaka mitatu mfululizo kuanzia 2018. Ni jambo la kufurahia. Watu waliokuwa wakipanda basi hadi Shinyanga kufuata muhuri sasa wanaupata nyumbani. Lakini kila msingi unaochimbwa Bariadi unachimbwa katika ardhi ya Ntuzu, na Ntuzu ilikuwa nchi yenye mtemi, ikulu na ngoma zake kabla ya kuwapo wilaya, sembuse mkoa. Ndivyo ilivyokuwa Itilima, Kanadi, Dutwa, Meatu na Mwagala, na Nassa kule Busega kando ya ziwa. Leo majina hayo tunayasikia yakiitwa kwenye kata, majimbo na shule. Zamani yalikuwa majina ya tawala.

Tunapozungumzia kurudisha heshima ya maeneo hayo, swali la kwanza huwa ni hili: mahali palipokuwa pa utawala, kisha pakajengwa majengo ya enzi nyingine, je, panaweza kusafishwa na kurudishwa? Afrika Mashariki imewahi kulijibu swali hilo kwa vitendo, kwa nyundo na mitaimbo, katika ngome ya Fort Jesus ya Mombasa. Historia ya ngome ile inajulikana sana. Historia ya namna ilivyosafishwa haijulikani hivyo, nayo ndiyo inayotuhusu sisi wa bara.

Wareno walianza kuijenga Aprili 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyekuwa msanifu mkuu wa mfalme wa Ureno huko Goa. Waliijenga juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari, na ukiitazama kutoka juu umbo lake ni kama la mtu aliyelala kichwa kikielekea baharini. Kufikia 1596 ilikuwa inakaliwa. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni wa Kireno na kuitwaa. Wareno wakairudia mwaka uliofuata. Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman yakaizingira, na mzingiro ukadumu miezi thelathini na mitatu. Njaa na maradhi viliua wengi zaidi ya risasi. Watu wa pwani walikuwa pande zote mbili za ukuta. Bwana Daud wa Faza, kwa mfano, aliilinda ngome pamoja na wachache waliobaki wakati Wareno wenyewe wakipukutika. Desemba 1698 Waomani wakapanda kuta na kuingia.

Baadaye wakaja Mazrui, waliotumwa kuwa maliwali wa Oman kisha wakajitawala wenyewe kwa karibu karne nzima, hadi Sayyid Said alipowaondoa mwaka 1837. Mwaka 1875 mkuu wa askari wa ngome aliyeasi, al-Akida, alijifungia ndani, na manowari mbili za Kiingereza zikaipiga ngome mizinga hadi akasalimu amri. Nayapita haraka haya kwa sababu yameandikwa mara nyingi. Jambo la kushika ni kwamba kila mwenye ngome alijenga juu ya mwenzake: nyumba ya kapteni wa Kireno ikawa makazi ya Mwarabu, kanisa likabomoka na mahali pake pakapata kazi nyingine, na juu ya maboma ya Kireno zikasimama nyumba na vyumba vya baraza vyenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye boriti.

Mwaka 1895 Waingereza walitangaza ulinzi wao juu ya nchi iliyokuja kuitwa Kenya, na mwaka huohuo wakaigeuza Fort Jesus kuwa gereza. Sababu yake ilikuwa rahisi. Kuta zilikuwa nene, lango lilikuwa moja, na serikali mpya ilihitaji mahali pa kuwafungia watu bila gharama ya kujenga. Ndani ya uwanja yakapandishwa majengo ya kazi hiyo, mabweni ya wafungwa, vyumba vya askari, majiko na karakana, na baadhi ya majengo ya zamani yakafunikwa au kubadilishwa ili kupata nafasi. Kwa miaka 63 watu wa pwani waliijua ngome ile kama mahali ambapo ndugu zao waliingia wakiwa wamefungwa minyororo. Ukimwambia mzee wa Mombasa wa miaka ya 1940 kwamba pale ni mahali pa kupendeza pa kutembelea, angekushangaa.

Mwaka 1958 uamuzi ulifanywa. Wafungwa walihamishwa, ngome ikatangazwa kuwa eneo la urithi linalolindwa, na Taasisi ya Calouste Gulbenkian ya Lisbon ikatoa pauni 30,000 za kuikarabati. Kazi ikakabidhiwa kwa James Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza aliyekuwa ametumia miaka kumi kuchimba magofu ya Gedi karibu na Malindi. Mafundi na vibarua wakaanza kuyashusha majengo ya gereza. Mwaka 1960, miaka miwili tu baada ya mfungwa wa mwisho kutoka, makumbusho yakafunguliwa.

Lililonigusa katika kazi ya Kirkman ni kile kilichofuata ubomoaji. Angeweza kuondoa mabweni, kusawazisha uwanja, kupanda nyasi na kuita watalii. Badala yake aliyafanya majengo yaliyoshushwa kuwa mlango wa kuingilia chini. Akachimba hadi kwenye mwamba, tabaka kwa tabaka, akaendelea kwa miaka kumi na zaidi, na mwaka 1974 akatoa kitabu kikubwa cha ripoti. Misingi ya kanisa ikaonekana, na nyumba ya kapteni na birika la maji. Zikaonekana pia picha ambazo baharia au askari wa Kireno alizichora ukutani kwa mkaa na rangi: meli, watu, maandiko, vitu ambavyo mtu huchora akiwa mbali na kwao. Vipande vya kaure ya China, vyungu vya Uajemi na India, na vyungu vya udongo vya wapikaji wa Mombasa wenyewe viliorodheshwa kila kimoja na mahali kilipookotwa. Katika miaka ya 1970 wapiga mbizi waliongeza sehemu iliyokuwa imezama: vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mzingiro ule.

Hata hivyo, kazi ile ina pengo, nalo lisifichwe. Mfadhili alikuwa wa Lisbon, wakati ambapo Ureno bado ilikuwa inaitawala Msumbiji na Angola. Msimamizi alikuwa Mwingereza katika koloni la Kiingereza. Kilichotafutwa zaidi kilikuwa tabaka la Mreno, na kilichoondolewa kwa urahisi zaidi kilikuwa tabaka la Mwafrika aliyefungwa. Majengo ya gereza hayakuwa mazuri, hayakuwa ya zamani, na yalikuwa yameharibu mazuri na ya zamani. Hoja ya kuyabomoa ilikuwa na nguvu, nami naikubali. Lakini miaka 63 ya wafungwa ni mirefu kuliko muda ambao Sayyid Said na wanawe walishika ngome ile, na ndani ya makumbusho sauti ya Mreno na ya Mwomani inasikika kwa nguvu kuliko ya mtu aliyeoza pale kwa kosa la kutolipa kodi ya nyumba. Mabweni yaliposhushwa, ilipasa angalau yapigwe picha kila ukuta, na wafungwa na askari magereza waliokuwa hai wahojiwe. Mwaka 1958 walikuwapo wengi. Leo hawapo.

Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza Fort Jesus katika orodha ya urithi wa dunia, na mji wa kale ulio jirani hunufaika nayo. Zanzibar walifuata njia nyingine. Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga mahali penye kanisa la Kireno baada ya ushindi wao, imekuwa kambi ya askari, gereza, karakana ya reli ya Bububu mwanzoni mwa karne ya 20, kisha mwaka 1949 klabu ya wanawake. Hakuna aliyeirudisha katika hali ya mwaka fulani. Wakajenga jukwaa la wazi la maonyesho ndani yake, na tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likifanyika humo.

Nchi iliyofanya kazi hii ya kusafisha na kurudisha mara nyingi ni Japani, na kuna sababu ya kihistoria. Mwaka 1868 watawala wa kijeshi walioitwa shogun waliangushwa, na serikali mpya ya Mfalme Meiji ikawaondoa mabwana wa majimbo. Wao pia walikuwa kama watemi: kila mmoja na ngome yake, askari wake, mahakama yake. Mwaka 1873 ikatoka amri juu ya ngome zote. Baadhi zikapewa jeshi jipya, nyingine zikauzwa na kubomolewa. Kutoka zama za mabwana hao, minara mikuu ya asili iliyosimama hadi leo ni kumi na miwili tu katika nchi nzima. Katikati ya miji viwanja vikubwa vikabaki vitupu, vimezungukwa na mahandaki ya maji, na serikali haikuacha nafasi ile ipotee. Zikajengwa kambi, kisha ofisi za mikoa, shule, hospitali, vyuo, bustani za wanyama, hata viwanja vya besiboli.

Karne moja baadaye wakaanza kuyaondoa majengo hayo. Kanazawa, mji wa ukoo wa Maeda, ulikuwa umeweka chuo kikuu cha taifa ndani ya ngome tangu 1949. Chuo kilipokua kikahamia vilima vya Kakuma nje ya mji, uhamisho uliokamilika katikati ya miaka ya 1990, na mkoa wa Ishikawa ukanunua uwanja mwaka 1996. Mwaka 2001 ghala refu na mnara wa kona vikasimama tena kwa mbao zilizounganishwa kwa ufundi wa zamani. Malango yakafuata moja moja, na bustani ya bwana ikatokea mahali palipokuwa na jumba la michezo. Fukuoka walipokuwa wakikarabati uwanja wao wa besiboli mwaka 1987, wakakuta chini yake mabaki ya nyumba ya wageni iliyopokea wajumbe wa China na Korea zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, vitu vya kale kuliko ngome yenyewe, na miaka kumi baadaye uwanja ukafungwa. Huko Odawara tembo aitwaye Umeko alikuwa ameishi ndani ya ngome tangu 1950, akipendwa na watoto wa vizazi viwili. Mji haukumfukuza. Alikufa mwaka 2009, na ndipo banda lake likaondolewa.

Katika ngome zote za visiwa vile, inayofanana zaidi na habari zetu ni Shuri, kule Okinawa. Okinawa haikuwa sehemu ya Japani tangu zamani. Ilikuwa ufalme wa Ryukyu, wenye lugha zake, uliofanya biashara na China, Siam na Malaka. Mwaka 1879 Japani iliuvunja ufalme huo na kumhamishia mfalme wa mwisho, Shō Tai, Tokyo. Jumba lake jekundu likawa kambi ya askari, kisha shule. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 paa lilikuwa linavuja, boriti zinaoza, na mamlaka za pale zikaamua kulibomoa.

Kulikuwa na mwalimu wa sanaa katika shule ya wasichana aliyeitwa Kamakura Yoshitarō. Hakuwa mzaliwa wa Okinawa. Alikuwa amekwenda kufundisha, akaupenda utamaduni wa watu wale, akajifunza kwa wazee. Aliposikia habari za ubomoaji alikimbilia kwa Itō Chūta, profesa wa historia ya majengo huko Tokyo, naye Itō akawashawishi wakubwa, na kazi ikasimamishwa. Mwaka 1925 jumba likawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Kamakura hakuishia hapo. Aliendelea kuzunguka na kamera na madaftari, akipiga picha kuta, nguzo na sanamu za majoka, akinakili nyaraka za kifalme, akiandika vipimo, rangi na majina ya sehemu.

Wakati wa vita vya 1945 jeshi la Japani lilichimba makao yake makuu chini ya Shuri, na manowari za Marekani zikaipiga hadi ikawa kifusi. Karibu nyaraka zote zikateketea. Mwaka 1950, chini ya utawala wa Wamarekani, Chuo Kikuu cha Ryukyu kilifunguliwa juu ya kifusi hicho. Ni vigumu kuwalaumu waliokijenga. Kisiwa kilikuwa kimepoteza watu kwa makumi ya maelfu, watoto hawakuwa na shule, na kilima kilikuwa wazi. Vijana wa Okinawa waliosoma pale ndio waliokuja kuwa walimu na viongozi wa kisiwa chao.

Okinawa iliporudishwa kwa Japani mwaka 1972, hamu ya kuiona Shuri tena ilikuwa kubwa. Chuo kilijengewa makao mapya na makubwa zaidi Nishihara, na kuanzia 1977 hadi katikati ya miaka ya 1980 kikahama. Madarasa yakabomolewa, misingi ya mawe ya kifalme ikachimbuliwa, na mwaka 1992 jumba kuu likafunguliwa. Waliolichora upya walifanya kazi wakiwa na picha na madaftari ya Kamakura mezani. Bila yale wangebuni. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba 2019 moto ulizuka na jumba hilo likaungua lote. Watu walilia barabarani, hata vijana ambao hawakujua Shuri nyingine isipokuwa ile ya 1992. Mwaka 2022 ujenzi wa jumba kuu ulianza tena, kwa lengo la kulikamilisha mwaka 2026, na madaftari yaleyale yakafunguliwa kwa mara nyingine.

Nimeichagua Shuri kwa sababu inaonyesha ni lini kusafisha kunakuwa kurudisha. Mpangaji wa mwisho, yaani chuo, alipewa mahali bora kabla nyundo haijaanza. Na mtu mmoja, miaka sabini kabla, alikuwa ameandika kila kitu. Ukikosa la kwanza unadhulumu. Ukikosa la pili unabaki na kiwanja kitupu na hadithi ya kubuni.

Hapa kwetu Tanzania jambo la kwanza linaonekana wazi Kalenga, karibu na Iringa. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alizungushia mji wake ukuta wa mawe na udongo wenye urefu wa kilomita kama kumi na mbili, na Wajerumani chini ya von Schele waliuvunja kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Leo ndani ya mzunguko ule kuna kijiji, na nyumba za watu, mashamba ya mahindi, makanisa na shule. Vipande vichache vya ukuta vimebaki, pamoja na makumbusho madogo ambamo lipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Mtu anaweza kuota kuuona ukuta mzima tena. Lakini wanaoishi mle ni wazawa wa watu waliotetea ukuta ule. Kuwahamisha ili tuwaonyeshe watalii mji wa babu zao lingekuwa kosa kubwa, na katika nchi iliyopitia Operesheni Vijiji ya 1974 hatuhitaji kuelezwa maana ya kuhamishwa.

Usukuma unaikumbuka operesheni ile vizuri. Watu walioishi wametawanyika, kila mji ndani ya uzio wake wa minyaa, waliambiwa wasogee barabarani, na nyumba zilizoachwa zikaezuliwa au kuchomwa. Maeneo mengi ya kale yaliyokuwa bado na watu wa kuyatunza yalibaki porini mwaka ule. Lakini ikulu za watemi zilikuwa zimepata pigo lake miaka kumi na moja kabla, uchifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963. Baadhi ya mabaraza yaliyojengwa kwa matofali na mabati wakati wa ukoloni yakageuka kuwa ofisi na mahakama za mwanzo. Ngoma za kifalme nyingine zilifichwa na familia, nyingine zikapelekwa Bujora, Mwanza, ambako Padri David Clement, mmisionari wa Kanada, alikuwa akikusanya vitu vya utamaduni wa Wasukuma katika makumbusho yaliyo na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi.

Na hapa Simiyu inatofautiana na Mombasa na Shuri kwa jambo la msingi. Ikulu ya mtemi haikuwa ya mawe. Ilikuwa nyumba za msonge za miti na nyasi, uzio wa magogo, nyumba ya ngoma, nyumba za wake na za wageni, mahali pa kutambikia mizimu ya utawala. Mchwa na mvua vilikuwa vimeizoea. Tena mara nyingi mtemi mpya hakukaa katika ikulu ya marehemu. Alijenga yake mahali pengine, na pale pa zamani pakabaki makaburi, miti iliyopandwa au iliyoachwa kwa makusudi, na miiko. Utawala wenyewe ulikaa kwa watu: kwa banang'oma, wazee waliomchagua mtemi na ambao wangeweza kumwondoa mvua isiponyesha, na kwa banang'wanangwa waliosimamia vijiji. Kwa hiyo hata tukibomoa ofisi ya kata iliyo juu ya ikulu ya zamani, chini yake hatutakuta misingi ya kanisa wala birika la maji. Tutakuta majivu, mashimo ya nguzo, vigae na mifupa ya ng'ombe. Mwanaakiolojia anaweza kusoma mengi katika mashimo ya nguzo. Jengo la kusimamisha hatapata, na sidhani tunalihitaji. Wasukuma wa Simiyu wakijenga nyumba ya msonge ya saruji yenye paa la mabati yaliyopakwa rangi ya nyasi na kuiita ikulu ya mtemi, watakuwa wameifunika ile ya kweli kwa mara ya pili.

Kinachohitajika kwetu ni kazi ya Kamakura, nayo haijakosa waanzilishi. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, alizunguka Usukuma akiwahoji watemi na wazee. Kitabu chake kuhusu taratibu za kumsimika mtemi kilitoka mwaka 1951, na kile cha sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953. Alikuwa mtumishi wa wakoloni na aliandika ili serikali itawale vizuri, na kwa sababu hiyo maandishi yake yasomwe kwa tahadhari. Lakini aliwakuta wenye kujua wakiwa hai. Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana wa Bariadi anayesoma pale anaweza kuziomba na kukuta humo taratibu ambazo bibi yake anazikumbuka nusu.

Hali ya sasa inaruhusu. Septemba 2021, katika tamasha la utamaduni huko Kisesa, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa Chifu Hangaya, na serikali ambayo karibu miaka sitini kabla iliufuta uchifu ikasimama hadharani na machifu. Sioni haja ya kurudisha mamlaka yao. Mahakama na kodi ziko mahali pake. Lakini sherehe peke yake haitunzi kitu, na sheria tuliyo nayo ina mwanya ambao watu wa Simiyu inawapasa kuujua. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kipimo hicho kinazifaa Kilwa na magofu ya pwani. Ikulu za Ntuzu, Kanadi au Mwagala zilizokuwa zikikaliwa hadi karne ya 20 hazimo, hata kama utawala wenyewe ni wa kale zaidi. Haziingii mpaka waziri azitangaze, moja moja, kwa jina na mipaka.

Waziri hawezi kutangaza mahali asipopajua. Ombi lazima litoke chini, na Simiyu ina halmashauri sita: Mji wa Bariadi, Wilaya ya Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kila moja ina afisa utamaduni. Kazi ya kwanza ni kukaa na familia za watemi na wazee wa banang'oma waliobaki, kurekodi sauti zao kwa Kisukuma chao, na kwenda nao kwa miguu mahali penyewe: hapa palikuwa lango, hapa nyumba ya ngoma, hapa kaburi la fulani, mti huu ulipandwa na nani. Ya pili ni kuweka alama za ramani na kupiga picha kila kilichopo sasa, pamoja na jengo la baraza la mkoloni na ofisi ya kata, kwa sababu hayo nayo ni tabaka. Ya tatu ni kuitaka idara ya ardhi isipime viwanja juu ya makaburi na miti hiyo, jambo linalogharimu mstari mmoja tu kwenye ramani ikiwa litafanywa kabla ya upimaji, na fidia, kesi na machozi likifanywa baada yake. Pale ambapo jengo la umma limekalia kaburi la mtemi na muda wake umekwisha, lisikarabatiwe hapohapo. Lijengwe jipya penye nafasi, watumishi wahame, ndipo la zamani lishushwe, baada ya kupigwa picha kila ukuta.

Bariadi bado inapimwa. Watu waliokuwa na miaka kumi na miwili uchifu ulipofutwa sasa wana zaidi ya sabini, na wengi wao waliiona ikulu ikiwa na watu.